Jinsi ya Kutambua Asili na Kazi ya Kifaa cha Kale cha Mkononi Kisichojulikana

Kifaa kidogo cha kale kinachoenea kiganjani, ambacho hakuna aliye karibu anayekijua, huleta maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kilitengenezwa wapi na lini, na kilikuwa kikifanya kazi gani. Swali la kwanza hujibiwa hasa na malighafi, namna ya utengenezaji na chapa. La pili hujibiwa na umbo lake na, zaidi ya yote, na mahali kilipolika kwa kutumika. Majibu hayo si lazima yaende pamoja. Chapa ya mtengenezaji wa Sheffield, Uingereza, haithibitishi kwamba kifaa kilitumika huko, kwa sababu bidhaa za chuma za mji huo ziliuzwa katika kila bara. Kwa upande mwingine, mtu anaweza kutambua kwa hakika kwamba alichonacho ni kulabu ya kufungia vifungo vya viatu, asijue hata kidogo ilitoka nchi gani. Kwa hiyo tenga kurasa mbili katika daftari lako, moja ya asili na nyingine ya kazi, na kila unachokiona ukiandike mahali pake.

Usikisafishe

Jambo la kwanza ni kujizuia. Kutu, masizi, mafuta yaliyoganda na chembe za nta au za wino zilizonasa ndani ya mfereji ni ushahidi, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia chuma kinaweza kuufuta kwa dakika chache ushahidi uliodumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Chukua mfano wa kikombe kidogo cha shaba nyekundu chenye mrija mwembamba na kishikio cha mti. Mabaki ya nta yaliyomo ndani yake ndiyo yanayoonyesha kwamba ni canting, kalamu ya batiki ya Java, ambayo hupitisha nta ya moto juu ya kitambaa kwa mstari mwembamba. Ukiyeyusha mabaki hayo na kuyatupa, kinachobaki mkononi ni kijiko kisichoeleweka. Ondoa vumbi tu, kwa brashi laini iliyo kavu, na ufanye hivyo juu ya karatasi nyeupe ili kinachodondoka kionekane na kihifadhiwe ndani ya bahasha.

Kujizuia huko ni kwa ajili ya usalama pia. Kitu kizito cha chuma chenye umbo la yai, koni au mrija, chenye pini, kifuniko cha kuzungusha au mkanda wa shaba kiunoni, kinaweza kuwa bomu la mkono, fyuzi ya kulipulia kombora au ganda la mzinga, na umri hauiondolei baruti nguvu zake. Kiache kilipo, ondoka, uwaarifu polisi. Rangi iliyopakwa kwenye saa na dira za nusu ya kwanza ya karne ya 20 ili zisomeke gizani mara nyingi ilitiwa radiamu, ambayo huendelea kutoa mionzi hata baada ya mng'ao wenyewe kufifia, hivyo usifungue kioo chake. Vipimajoto vya zamani huwa na zebaki, na rangi za kale huwa na risasi. Vifaa vya tabibu vishikwe kwa glavu, hasa vile vyenye makali yaliyofichika: kisanduku cha shaba chenye nyufa sambamba upande mmoja na wenzo upande mwingine ni chombo cha kuchanjia ngozi kabla ya kuumika, yaani kutoa damu kwa kikombe au pembe, nacho hufyatua visu vingi kwa mpigo mmoja. Usibonyeze kitufe wala kuvuta wenzo wowote kabla hujajua kilicho ndani.

Kieleze kabla ya kukipa jina

Jina la haraka hupofusha. Mtu akishaamua kwamba alichoshika ni koleo la meno, kila mkwaruzo atakaouona utamthibitishia jambo hilo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maelezo yaandikwe kwanza, kwa maneno yasiyodai kazi yoyote: usiandike "kisu", andika "ubapa wa chuma wenye ukingo mmoja mwembamba"; usiandike "mpini", andika "sehemu ya mti iliyokerezwa, yenye urefu wa milimita 84". Pima kwa milimita urefu, upana, unene na kipenyo cha kila tundu, kisha pima uzito kwa gramu. Piga picha za pande zote karibu na rula, kwa mwanga unaotoka ubavuni, kwa kuwa mwanga wa namna hiyo huinua herufi zilizofifia na mikwaruzo ambayo mwanga wa mbele huificha. Andika pia kilipatikana wapi, ndani ya nini, na pamoja na nini, kwa sababu vitu vilivyokaa na kifaa kwa miaka mingi ni mashahidi wake. Ukanda wa ngozi wenye tundu la kidole gumba na bamba dogo la chuma lenye vishimo ni fumbo ukiwa peke yake. Ukiwa ndani ya mfuko mmoja na sindano nene za pembe tatu na bonge la nta, ni dhahiri kwamba ni kinga ya kiganja ya mshona matanga, aliyeitumia kusukumia sindano katika turubai.

Vipimo vyenyewe wakati mwingine hutoa jibu moja kwa moja. Kama kifaa kina mistari ya kupimia, pima umbali kati ya mistari hiyo kwa uangalifu mkubwa. Inchi ya Kiingereza ni milimita 25.4, ile ya Rhineland iliyotumika Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ni karibu milimita 26.15, na ile ya Ufaransa ya kabla ya mfumo wa mita ni karibu milimita 27.07, kwa hiyo kipimo cha inchi 6 cha Ufaransa hukizidi cha Uingereza kwa sentimita moja, tofauti inayoonekana kwa macho. Uzito nao usidharauliwe. Sanamu ndogo za shaba za Waakan wa Ghana na Côte d'Ivoire, zenye maumbo ya ndege, samaki na kobe au michoro ya mistari na pembe, huonekana kama mapambo, kumbe zilikuwa mawe ya mizani ya kupimia vumbi la dhahabu. Kinachozifichua mara nyingi ni kipande cha metali kilichoongezwa, au kiungo kilichokatwa, ili uzito utimie, kwa kuwa hakuna fundi anayeharibu pambo zuri bila sababu.

Malighafi na mkono wa fundi

Malighafi hupunguza miaka inayowezekana. Kanuni ya msingi ni kwamba kifaa hakiwezi kuwa cha zamani kuliko sehemu yake iliyo changa zaidi, isipokuwa sehemu hiyo iliwekwa baadaye wakati wa matengenezo, nawe utalijua hilo kwa kutazama kama rangi, mikwaruzo na kutu vinaendelea bila kukatika kutoka sehemu ya zamani hadi ile mpya.

Anza na sumaku. Chuma cha kawaida na feleji huvutwa. Shaba, fedha, bati na risasi havivutwi. Aloi nyeupe ya shaba, zinki na nikeli, ambayo hutengenezewa vijiko na vishikio vinavyofanana sana na fedha, haivutwi pia, hivyo sumaku peke yake haiwezi kukuambia kwamba una fedha. Inachoweza ni kukuonyesha papo hapo chuma kilichopakwa tabaka la shaba au la fedha. Alumini ilikuwa adimu mno hadi mwaka 1886, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, njia ya kuipata kwa umeme, kwa hiyo kifaa cha kawaida cha alumini ni cha baada ya hapo. Chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield mwaka 1913 kutokana na kazi ya Harry Brearley, na ubapa mweupe usio na doa kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha 1850 unapaswa kutiliwa shaka. Tabaka la nikeli, lenye wekundu au umanjano hafifu, lilienea kuanzia miaka ya 1870. Tabaka la kromiamu, lenye mng'ao wa baridi wa kibuluu, lilienea kuanzia miaka ya 1920.

Plastiki za mwanzo hutambuliwa kwa pua. Sugua sehemu ndogo kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha inuse mara moja. Harufu ya kafuri ni ya seluloidi, iliyoanza kutengenezwa Marekani karibu na mwaka 1870. Harufu ya salfa ni ya ebonaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, ambayo ni ya katikati ya karne ya 19 na kuendelea. Harufu kali ya dawa ya kaboliki ni ya bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Kuna watu wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto ili kupata harufu hiyo. Ushauri huo ni mbaya sana. Sindano huacha kovu la kudumu, na seluloidi hushika moto kwa kasi kubwa.

Pembe ya ndovu, mfupa na viigizo vyake hutenganishwa kwa lenzi. Mfupa una vitone na vistari vidogo vyeusi, ambavyo ni mifereji ya damu iliyokatwa. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo. Mahali ilipokatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama kimia, na pembe ya makutano ya mistari hiyo karibu na ukingo wa nje huzidi nyuzi 115 kwa ndovu wa leo, wakati kwa mamothi waliotoweka huwa chini ya nyuzi 90. Plastiki iliyotengenezwa kuigiza pembe huwa na mistari iliyonyooka mno na yenye nafasi sawa, mara nyingi upande mmoja tu. Tofauti hii ina uzito wa kisheria: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu na ya magamba ya kasa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, unaohusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliosainiwa mwaka 1973, na ndovu wa Afrika aliingizwa katika orodha yake kali zaidi mwaka 1989. Usikitume nje ya nchi kifaa cha namna hiyo, hata kwa ajili ya kuchunguzwa, kabla ya kupata kibali.

Namna ya utengenezaji husomwa kwenye sehemu ambazo fundi hakutarajia zitazamwe: ndani ya mkunjo, chini ya kishikio, nyuma ya bamba. Alama za tupa zisizo sawa ni za kazi ya mkono. Mstari mwembamba ulioinuka unaozunguka kifaa chote ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na maana yake kilisubiwa, yaani kilimiminwa kikiwa kimeyeyuka. Duara laini zenye kitovu kimoja ni za keezo, mashine ya kukerezea. Skrubu nazo hutaja umri wake: zile za mti za kabla ya katikati ya karne ya 19 kwa kawaida zina ncha butu na mfereji wa kichwa usiokaa katikati kabisa, ile yenye ncha kali ni ya baadaye, na ile yenye msalaba kichwani ilianza kuuzwa miaka ya 1930.

Ushahidi wa kutumika

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa, na hapa ndipo wengi wanapopita haraka kwa sababu wana hamu ya kuona chapa. Chapa hutaja aliyekitengeneza. Uchakavu hutaja kilichofanywa nacho. Mimi huamini zaidi ukingo wa tundu lililolika kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Kishike bila kutumia nguvu, kwanza kwa mkono wa kulia kisha kwa wa kushoto, ukikigeuza hadi kitulie. Kifaa kilichotumika kwa muda mrefu kina sehemu zilizolainika ambapo rangi imeondoka na kona zimekuwa mviringo, na ukiviweka vidole hapo utaona mara nyingi kwamba ncha inaelekea mahali maalumu: mbele, chini, au kwenye kifua chako mwenyewe. Zingatia vidole vingapi vina nafasi. Kishikio cha vidole viwili au vitatu ni cha kazi ya uangalifu, kama kuchora, kuchonga au kupasua. Kishikio kinachojaa kiganja ni cha kusukuma, kuvuta au kusokota. Tazama pia shingo inayounganisha kishikio na ncha. Shingo nyembamba haikukusudiwa kubeba nguvu kubwa, na hilo peke yake huondoa nusu ya dhana ambazo watu hupenda kuzitoa, kama vile silaha na zana za mateso, ambazo hutajwa kwa kila kitu chenye makali na umbo la kutisha.

Kisha fuatilia nguvu iliingilia wapi na kutokea wapi. Kichwa kilichotanuka na kupasuka kingoni kilikuwa kikipigwa nyundo, hivyo kifaa ni cha namna ya patasi au cha kutobolea. Kichwa chenye vibonyeo vidogo ambacho hakikutanuka ndicho kilichokuwa kikipiga. Mikwaruzo inayozunguka ncha huonyesha kusokota, na mikwaruzo mirefu iliyo sambamba huonyesha kusukuma na kuvuta. Makali yaliyolika zaidi upande mmoja yaliburutwa kwa mwelekeo uleule maelfu ya mara, na wakati mwingine hufichua kama mtumiaji alikuwa wa mkono wa kulia au wa kushoto. Meno ya koleo yasiyo na mkwaruzo wowote yalishika kitu laini, kama vile kitambaa, ngozi, karatasi au utambi. Mkasi wenye kisanduku kidogo juu ya ubapa na vijiguu vitatu chini yake unafafanuliwa na masizi: ulikatia utambi wa mshumaa, na kisanduku kilipokea kipande kilichoungua.

Matundu yasomwe kwa makini. Tundu lililolika upande mmoja hadi likawa kama chozi lilipitishwa kamba iliyoning'iniza uzito. Tundu lenye kingo kali halikupitishwa kamba kwa muda mrefu. Mchongo mdogo wa Japani unaojaa ngumi, wenye matundu mawili mgongoni yanayokutana ndani, si sanamu ya kuweka kabatini. Ni netsuke, iliyozuia mfuko au kisanduku kilichoning'inizwa kwa kamba kisiteleze kutoka kwenye mshipi wa vazi. Ile iliyovaliwa kweli ina mgongo uliolainika kwa kusuguana na nguo na tundu lililolika kwa kamba, ilhali nakala ya plastiki ina matundu yenye kingo kali na mara nyingi mstari wa kalibu ubavuni.

Kama kifaa kina bawaba au springi, jiulize kinachotokea kikibanwa. Tunatarajia koleo libane ncha zake. Lipo hata hivyo lile ambalo ukilibana vishikio, ncha zake ndefu na laini hufunguka. Hicho ni kipanulio cha vidole vya glavu, kilichotumika wakati glavu za ngozi zilipokuwa zinabana sana, nacho mara nyingi hudhaniwa kuwa kifaa cha upasuaji. Kisanduku cha metali cha mfukoni chenye kifuniko imara na mifereji midogo sambamba chini yake kilibebea viberiti, na mifereji hiyo ilikuwa ya kuviwashia. Mikwaruzo hapo inatosha kuwa ushahidi. Herufi zilizochorwa kinyumenyume maana yake ni kwamba kifaa kilikusudiwa kuacha alama mahali pengine: ni muhuri wa lakiri, chapa ya ngozi au herufi ya kupigia chapa. Bonyeza ncha yake kwenye udongo laini wa kuchezea, si kwenye nta ya moto, kisha usome kilichotokea.

Uwezekano mwingine unaosahauliwa ni kwamba ulichonacho ni nusu. Vifaa vingi ni fumbo kwa sababu mwenzake ameondoka: mpini umeoza, kioo kimevunjika, springi imepotea. Tafuta hesi za skrubu zisizo na kazi, mabaki ya lehemu, shimo la mraba la kupokea mpini, doa la rangi tofauti mahali palipofunikwa na kitu kingine kwa miaka mingi. Ukiona dalili moja ya namna hiyo, acha kuuliza "hiki ni kitu gani" na uulize "hiki kilikuwa sehemu ya nini".

Na kama hakuna uchakavu wowote, sababu zinazowezekana ni chache: hakikutumika, kilikuwa pambo au cha ibada, au ni nakala ya kisasa. Kitu kilichozeeshwa kwa makusudi huwa na uchakavu uliosambaa sawasawa, hata ndani ya mikunjo ambamo kidole hakifiki, au kutu ya rangi moja inayotoka kwa kitambaa chenye maji. Mkono wa binadamu hausugui kila mahali kwa kiasi kimoja.

Chapa, namba na maandishi

Tumia lenzi inayokuza mara kumi, na unakili kila alama kama ilivyo, pamoja na umbo la fremu inayoizunguka, kwa sababu fremu ya ngao na fremu ya duara zinaweza kutofautisha mji mmoja na mwingine au mwaka mmoja na mwingine.

Kwa fedha za Uingereza, simba anayetembea ubavu humaanisha kiwango cha sehemu 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni cha London, nanga ni ya Birmingham, na taji lilikuwa la Sheffield hadi ofisi hiyo ilipoanza kutumia waridi mwaka 1975. Ofisi za Birmingham na Sheffield zilianzishwa mwaka 1773, hivyo nanga au taji hilo haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Herufi moja iliyo kando ni ya mwaka, na majedwali yake yanapatikana kwa urahisi. Ufaransa iligonga kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, kuanzia mwaka 1838, na Ujerumani iligonga mwezi mwandamo, taji na namba kama 800 kuanzia 1888. Usidanganywe na EPNS, herufi nne ambazo mara nyingi hupangwa ndani ya visanduku vidogo kana kwamba ni chapa za fedha: zinataja tabaka jembamba la fedha lililowekwa kwa umeme juu ya aloi ya nikeli, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipewa hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1840.

Jina la nchi husaidia kwa tarehe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi ya asili kwa Kiingereza kuanzia 1891. Bidhaa za Japani ziliandikwa "Nippon" hadi 1921, kisha "Japan". "Occupied Japan" ni ya kipindi cha baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi 1952. "West Germany" ni ya kati ya 1949 na 1990. Kutokuwepo kwa jina la nchi hakuthibitishi kwamba kifaa ni cha kabla ya 1891, kwa kuwa sheria hiyo haikuhusu bidhaa zilizokwenda kwingine, na jina liliweza kuandikwa kwenye kasha tu.

Namba ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, kwa sababu namba ya hataza huongoza kwenye mchoro na maelezo ya mbunifu mwenyewe, yaani asili na kazi kwa pamoja. Marekani ilianza upya kuhesabu hataza zake mwaka 1836 na ikafikia namba 1,000,000 mwaka 1911, hivyo hata ukubwa wa namba unakadiria umri. Uingereza ilitumia alama ya almasi kwa miundo iliyosajiliwa kati ya 1842 na 1883. Namba ya Kirumi iliyo juu ya almasi hiyo ni ya aina ya malighafi, ambapo I ni metali, II ni mti, III ni kioo na IV ni udongo wa kuchoma. Kuanzia 1884 almasi ilibadilishwa kuwa "Rd" ikifuatiwa na namba. Ujerumani ilitumia D.R.P. (hataza ya dola) kuanzia 1877 na D.R.G.M. (muundo wa matumizi uliosajiliwa) kuanzia 1891, zote mbili hadi 1945. Ufaransa iliandika "Breveté S.G.D.G." (yenye hataza, bila dhamana ya serikali) kuanzia 1844 hadi 1968. Kumbuka kwamba tarehe ya hataza ni ya ubunifu, na kifaa chenyewe kinaweza kuwa kilitengenezwa miaka kumi au ishirini baadaye.

Alama za mmiliki zisichanganywe na za mtengenezaji. Mshale mpana wa mistari mitatu ulimaanisha mali ya serikali ya Uingereza, na herufi mbili tatu zilizokwaruzwa kwa mkono kwa kawaida ni za jina la fundi aliyeogopa zana yake isichukuliwe na mwenzake. Tazama pia ubora wa chapa yenyewe: iliyogongwa kwa nyundo ina kingo kali na huinua metali kidogo pembeni, iliyonakiliwa kwa kalibu pamoja na kifaa kizima ina kingo laini na vishimo vidogo ndani ya herufi, dalili mbaya kwa anayetaka kukiuza kama halisi.

Kutafuta mfano unaofanana

Baada ya hayo ndipo utafutaji wa picha kwenye intaneti unapokuwa na maana. Anza na hifadhidata za makumbusho, kama vile British Museum, Victoria and Albert Museum, Smithsonian na Metropolitan Museum, ambazo maelezo yake yameandikwa na watu wanaowajibika kwayo. Tafuta kwa malighafi, umbo na tendo, kwa lugha ya mahali unapodhani kifaa kilitoka. Kwa vitu vilivyochimbuliwa Uingereza na Wales, mpango wa Portable Antiquities Scheme, ulioanza mwaka 1997, una kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni moja. Kwa zana za mafundi wa kabla ya viwanda, majuzuu 11 ya michoro ya Encyclopédie, kamusi elezo ya Ufaransa, yaliyotoka kati ya 1762 na 1772, huonyesha zana za kila ufundi zikiwa mezani na zikiwa mikononi mwa mafundi. Kwa vitu vya karne ya 19 na mwanzo wa 20, katalogi za wauzaji hufanya kazi hiyo hiyo.

Matangazo ya mauzo yapewe uzito mdogo. Muuzaji mmoja akikisia, wengine kumi hunakili, na baada ya muda kisio kinaonekana kama elimu. Mfano unaofanana ukubaliwe kwa masharti matatu: ukubwa ulingane, si umbo tu, uchakavu wa kifaa chako uelezeke kwa kazi inayotajwa, na kusibaki sehemu isiyo na sababu. Sehemu moja isiyoelezeka inatosha kuurudisha uchunguzi nyuma.

Kuandika ulichokipata

Andika hitimisho kwa ngazi tatu, zikitenganishwa waziwazi: yaliyothibitika, yanayoelekea kuwa kweli, na dhana. Ngazi ya tatu si aibu. Vipo vitu vya shaba vya Kirumi vyenye nyuso kumi na mbili za pembe tano, kila uso una tundu la ukubwa wake na kila kona ina kifundo. Zaidi ya mia moja vimepatikana kutoka Uingereza hadi Ujerumani na Uswisi, vingi vikiwa vya karne ya 2 hadi ya 4, na kimoja kizima kilichimbuliwa katika kijiji cha Norton Disney, Uingereza, mwaka 2023. Asili yake inajulikana vizuri. Kazi yake haijulikani, kwa sababu hakuna maandishi ya wakati huo yanayovitaja, na ukubwa wake hutofautiana mno kuweza kuwa kipimo cha kawaida. Wataalamu wameiacha nafasi hiyo wazi badala ya kuijaza kwa hadithi, na huo ndio uaminifu unaofaa kufuatwa hata kwa kitu kidogo kilichotoka kwenye droo.

Kama kuna dalili kwamba kifaa kilitoka ardhini, kaburini au kwenye mabaki ya meli, kitangaze kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi kilikopatikana kabla ya kukiuza au kukihamisha. Nchi nyingi zina sheria kali juu ya jambo hili, na mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unahusu usafirishaji haramu wa vitu vya namna hiyo. Ukikipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho, nenda na picha, vipimo, uzito na zile kurasa mbili za daftari, na umwonyeshe kwanza ulichokiona kabla ya kumwambia unachokidhani. Mwishowe kipe kifaa namba, iandike kwenye kadi pamoja na tarehe na jina la aliyekuwa nacho kabla yako, kisha hifadhi kadi hiyo ndani ya kasha lilelile, kando ya bahasha yenye vumbi ulilolikusanya siku ya kwanza.